Nani Anayevuta Kuni Moto wa Kinga Ukizidi?

Asubuhi ya Jumatatu, 13 Machi 2006, wanaume vijana wanane wenye afya njema walilala vitandani katika kituo cha kujaribia dawa kwenye Hospitali ya Northwick Park, London. Walikuwa wamejitolea, kwa malipo ya pauni 2,000 kila mmoja, kuwa binadamu wa kwanza kudungwa dawa iliyoitwa TGN1412. Wawili walipewa maji yasiyo na dawa, bila kuambiwa. Sita walipewa dawa yenyewe, wakipishana kwa dakika kumi hivi.

Saa mbili hazikupita kabla ya wote sita kuanza kulalamika. Kichwa kinapasuka, mgongo unakata, kichefuchefu, homa imepanda, mwili unatetemeka. Kisha shinikizo la damu likaporomoka. Kufikia siku ya pili wote sita walikuwa wodi ya wagonjwa mahututi, mapafu na figo zikishindwa kazi. Waliokoka wote, lakini mmoja wao alikaa hospitalini miezi kadhaa na akapoteza vidole vya miguu pamoja na ncha za vidole vya mikono.

Dawa haikuwa imechafuka, na hakukuwa na mdudu wa maradhi yoyote. Vijana wale waliunguzwa na kinga yao wenyewe. Jambo ambalo sijaacha kuliwaza tangu niliposoma habari hii kwa mara ya kwanza ni kwamba TGN1412 ilitengenezwa ili kuituliza kinga. Ilikusudiwa wagonjwa wa baridi yabisi na wengine ambao kinga imewageukia, na katika wanyama ilikuwa imefanya kazi hiyo vizuri ajabu. Iweje dawa ya kupoza ikawa kiberiti?

Waandishi tumezoea kuieleza kinga ya mwili kwa lugha ya vita: askari, silaha, adui. Mimi naona lugha hiyo inatupotosha, kwa sababu vita humsifu anayepiga na humsahau anayezuia. Kiswahili kina picha iliyo bora zaidi, tena imo ndani ya neno lenyewe. Wazee waliosema kinga na kinga ndipo moto uwakapo walikuwa wakitaja kijinga cha moto, ule ukuni uliokwisha kushika. Kimoja hakifiki mbali. Vikutanishwe vichwa, jiko linawaka. Na aliyekulia penye mafiga anaijua pia nusu nyingine ya kazi: maji ya wali yakikauka, mpishi anavuta kuni nje, anabakiza makaa, anapalia. Kuwasha moto anaweza hata mtoto. Kuupunguza kwa wakati wake ndiko kunakotofautisha mpishi na mpishi.

Mwilini mwa mtu mzima mna seli za kinga zipatazo trilioni 1.8, na zikikusanywa zote uzito wake ni kama kilo 1.2. Nyingi zimetulia, lakini zikiwaka zinaweza kuua. Haya yanayofuata ni masimulizi ya namna zinavyowashana na namna zinavyozimana.

Tuseme mwiba umekuchoma unyayoni, na bakteria wameingia nao. Za kwanza kujua ni seli zinazokaa papo hapo chini ya ngozi, makrofaji, ambazo kazi yake ni kumeza taka. Zikikutana na bakteria zinatoa kemikali za kupelekeana habari ziitwazo saitokini. Mishipa ya jirani inatanuka, mguu unapata joto na kuvimba, na kundi la seli nyeupe za nyutrofili linafurika, linameza linachokikuta na kufa palepale. Usaha unaoukamua kesho yake ni mizoga ya seli hizo.

Wakati huo huo seli nyingine yenye matawi kama mti, seli ya dendriti, inachukua kipande cha bakteria na kusafiri nacho hadi kwenye tezi ya limfu. Ikiwa kidonda ni cha mguu, tezi hiyo ni ile ya kinenani, ambayo ikivimba tunasema mtu ana mtoki. Ralph Steinman aliyezitambua seli hizi mwaka 1973 alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2011, siku tatu baada ya kufariki kwa saratani, na kamati haikuwa na habari ya kifo chake. Aligundua seli ambayo bila ruhusa yake hakuna kinachoanza.

Ruhusa yenyewe ni ya masharti mawili. Ndani ya tezi zimo seli T kwa mamilioni, na kila moja imezaliwa na umbo lake la kutambua kitu kimoja tu. Seli T inayokitambua kile kipande cha bakteria kilichobebwa na seli ya dendriti imepata ishara ya kwanza. Haitoshi. Inapaswa ipate na ishara ya pili, ambayo seli ya dendriti huionyesha juu ya ngozi yake pale tu iliponusa hatari kule ilikotoka. Seli T huipokea ishara hiyo kwa mkono uitwao CD28. Naomba msomaji aushike moyoni mkono huu.

Ishara mbili zikikutana, seli T inaanza kugawanyika mara mbili au tatu kwa siku, siku baada ya siku, mpaka moja inakuwa maelfu. Ikipata ishara ya kwanza bila ya pili, haiwaki. Mara nyingi huishiwa nguvu kabisa, na hata ikikutana tena na kitu kile kile haitikisiki. Ndiyo maana seli T iliyobahatika kukitambua kipande cha ini lako haikuli ini: imeonyeshwa kipande, haikuonyeshwa hatari.

Lakini kwa nini mwilini mwako kuwe na seli zinazoweza kulitambua ini lako? Maumbo ya seli T hutengenezwa kwa kubahatisha, ili mwili uwe tayari hata kwa mdudu ambaye dunia haijamwona, na katika kubahatisha huko lazima zizaliwe zinazoulenga mwili wenyewe. Nyingi huuawa zikiwa changa katika tezi ya thaimasi, iliyo nyuma ya mfupa wa kidari. Chache huponyoka. Wewe unayo, mimi ninayo. Kwa miaka mingi wanasayansi walidhani kwamba ule mchujo wa thaimasi na zile ishara mbili vinatosha kueleza kwa nini wengi wetu hatuli miili yetu.

Dalili ya kwanza kwamba havitoshi ilionekana Nagoya, Japani. Mwaka 1969 Yasuaki Nishizuka na Teruyo Sakakura walitangaza kwamba wakimtoa panya thaimasi akiwa na umri wa siku tatu, ovari zake zinaharibika. Thaimasi ndiyo inayotengeneza seli T. Ukiing'oa ungetarajia kinga idhoofike. Panya hawa, kinyume chake, walikuwa wakishambuliwa na kinga yao. Na ukichelewa ukaing'oa siku ya saba, panya hapati tatizo lile. Ilikuwa kana kwamba baada ya siku ya tatu kuna kitu kinatoka thaimasi kwenda mwilini, kitu cha kutuliza, na kisu kilikiwahi mlangoni.

Kijana mmoja aliyejiunga na utafiti huo, Shimon Sakaguchi, alijaribu jambo jepesi. Alichukua seli T kutoka kwa panya wazima wa ukoo ule ule akawadunga wale waliong'olewa thaimasi. Hawakuugua. Kwa hiyo miongoni mwa seli T, kundi tunalolijua kwa ukali, zimo zinazozuia wenzake.

Hapo pangekuwa mwisho mwema, lakini Sakaguchi alikuwa anaingia katika shamba lililokwisha kuungua. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 Richard Gershon wa Chuo Kikuu cha Yale na wengine walikuwa wakizungumzia seli T za kukandamiza. Nadharia yao ilikua ikawa na matawi mengi kuliko ushahidi wake. Kisha miaka ya 1980, watafiti walipoikagua sehemu ya DNA ilikodaiwa kuwa ndiyo makao ya jeni muhimu ya seli hizo, hawakuikuta. Aibu ilikuwa kubwa. Watu wakalikimbia somo lote, na kulitaja tu lilikuwa kujiharibia jina. Sakaguchi hakukimbia. Alitafuta kwa zaidi ya miaka kumi alama itakayomwezesha kuzitenga seli zake na nyingine, na mwaka 1995 akaitangaza: ni seli T zilizobeba juu yake CD4 na CD25 kwa pamoja. Ukiziondoa, panya anaugua. Ukimrudishia, haugui. Wengi bado hawakushawishika.

Nusu ya pili ya ushahidi ilikuwa imelala kwingine kwa nusu karne. Miaka ya 1940, katika maabara ya Oak Ridge, Tennessee, Marekani, kulikochunguzwa madhara ya mionzi, walianza kuzaliwa panya dume wenye ngozi ya magamba, bandama kubwa na tezi zilizovimba. Waliishi wiki chache tu. Ugonjwa ulirithiwa kwa kromosomu ya X, ndiyo maana majike waliubeba bila kuugua. Miaka ya 1990 Mary Brunkow na Fred Ramsdell, wakiwa katika kampuni ya dawa huko Bothell karibu na Seattle, waliamua kuitafuta jeni yenye kosa. Kromosomu ya X ya panya ina herufi za DNA zipatazo milioni 170. Waliipunguza kidogo kidogo hadi kipande cha herufi 500,000 chenye jeni 20, wakaanza kuzikagua moja baada ya nyingine. Kumi na tisa za mwanzo zilikuwa nzima. Ya ishirini ilikuwa na herufi mbili zilizozidi. Herufi mbili tu!

Jeni hiyo waliipa jina Foxp3. Mwaka 2001 wao na watafiti wengine walionyesha kwamba jeni hiyo hiyo ikiharibika kwa binadamu huleta ugonjwa uitwao IPEX: mtoto wa kiume anayepata kisukari akiwa na umri wa wiki au miezi, kuhara kusikokoma, na ngozi inayotoka ukurutu. Bila kupandikizwa uboho, wengi hawafiki mbali. Miaka miwili baadaye, maabara ya Sakaguchi na nyingine mbili zilikutanisha nyuzi zote: Foxp3 ndiyo inayoifanya seli T iwe seli T dhibiti. Tarehe 6 Oktoba 2025 Sakaguchi, Brunkow na Ramsdell walitangazwa washindi wa Tuzo ya Nobel ya tiba. Ramsdell alikuwa amesafiri milimani na simu yake haikuwa hewani, akapata habari saa nyingi baada ya dunia nzima.

Seli dhibiti zinafanyaje kazi yake? Hapa ndipo ninapoiona ile picha ya jikoni ikitimia, kwa sababu hazipigi mtu. Njia ya kwanza ni kunywa. Seli T zinazowaka zinahitaji saitokini moja, IL-2, ili ziendelee kugawanyika. CD25, ile alama ya Sakaguchi, ni sehemu ya kipokezi cha IL-2, na seli dhibiti zimejaa vipokezi hivyo kuliko wenzake. Zinaifyonza IL-2 yote iliyo jirani, na moto unakosa kuni.

Njia ya pili inaushangaza zaidi moyo wangu. Seli dhibiti ina mkono uitwao CTLA-4, unaoishika ishara ya pili ya seli ya dendriti kwa nguvu kupita CD28. Haishii kuishika. Inaing'oa kutoka kwenye ngozi ya seli ya dendriti, inaivuta ndani yake na kuimeza. Seli ya dendriti inabaki na kipande cha bakteria mkononi lakini haina tena ruhusa ya kutoa. Pamoja na hayo, seli dhibiti humwaga saitokini za kupoza, IL-10 na TGF-beta, na zote zilizo karibu hupunguza sauti. Maradhi yakiisha, seli kali zilizozaliana kwa maelfu hufa asilimia 90 hadi 95, na zinazobaki ni zile za kumbukumbu.

Wasomaji wengi wa Afrika Mashariki wanaijua CD4 kutoka kliniki za VVU, pale mtu anapoambiwa CD4 zake zimeshuka au zimepanda. Ndani ya hesabu hiyo hiyo, asilimia 5 hadi 10 hivi ni seli dhibiti. Nambari moja inawabeba wawashao na wazimao, kwa hiyo hata swali la kinga yako ni kubwa kiasi gani halijakamilika mpaka uulize ni ya nani dhidi ya nani.

Nalisema hili kwa uchungu, na sababu ninayo. Shangazi yangu alizunguka kwa miaka miwili na maumivu ya viungo, uchovu, na wekundu uliotanda mashavuni mpaka juu ya pua. Alitibiwa malaria, alitibiwa taifodi, alitibiwa baridi. Katikati ya safari hiyo kila mtu alikuwa na la kumuuzia: unga wa majani, matone, vidonge vya makopo ya rangi, vyote vikiwa ni vya kuongeza kinga. Ugonjwa wake ulipopewa jina ulikuwa lupasi. Kinga yake haikuwa imepungua hata kidogo. Ilikuwa inatengeneza kingamwili dhidi ya viini vya seli zake yeye. Kilichomsaidia ni dawa za kuishusha kinga, ikiwemo haidroksiklorokwini, ndugu ya ile klorokwini chungu tuliyomeza utotoni kwa malaria. Sina neno baya kwa jirani aliyemletea majani kwa upendo. Lakini biashara ya kuongeza kinga, inayomwambia kila mgonjwa kwamba kinga ni ndoo na tatizo lake ni kwamba haijajaa, inawauzia watu kuni nyumba ikiwa inaungua.

Wapo viumbe waliozijua seli dhibiti kabla yetu. Minyoo ya kichocho huishi miaka kadhaa ndani ya mishipa ya damu, mahali ambapo kila seli ya kinga inapita, na haiuawi. Sehemu ya siri yake ni kuzichochea seli zinazopoza. Huko Gabon, watafiti waliandika mwaka 2000 kwamba watoto wa shule wenye kichocho walikuwa na mzio mdogo dhidi ya vidudu vya vumbi la nyumbani kuliko wenzao wasio nacho, na kwamba wale ambao seli zao zilitoa IL-10 nyingi ndio walioonyesha mzio mdogo zaidi. Watoto walipotibiwa minyoo, mzio ukapanda. Simsifii mnyoo, anayekojoa damu anajua gharama yake. Ila nimeona inafaa kujulikana kwamba anaishi kwa kukaa jikoni na kuzivuta kuni zetu, kidogo kidogo, miaka nenda miaka rudi.

Uvimbe wa saratani hufanya vivyo hivyo. Huzivuta seli dhibiti zije ziuzunguke, ziwazuie wenzake waliokuja kuua. James Allison wa Marekani aliizuia ile CTLA-4, Tasuku Honjo wa Japani akagundua breki nyingine, PD-1, na dawa zilizotokana na kazi zao zimewarudishia uhai wagonjwa wa saratani ya ngozi ambao zamani wangeagwa. Nobel yao ilikuwa ya mwaka 2018. Gharama yake imo mle mle: baadhi ya wagonjwa hao hushambuliwa na kinga yao utumboni, kwenye ini, kwenye tezi ya shingo, kwa sababu breki iliyoachiliwa kwenye uvimbe imeachiliwa kwingine pia.

Na yupo mgeni ambaye sote tulikuwa yeye. Mtoto tumboni ni nusu ya baba yake, na kwa kanuni za kinga nusu hiyo ni ngeni kama figo ya mtu baki. Mwaka 2004 ilionyeshwa kwa panya kwamba mama mjamzito huongeza seli dhibiti, na kwamba akinyang'anywa seli hizo mimba ya dume wa ukoo mwingine haisimami, ingawa mimba ya dume wa ukoo wake husimama. Mimi na wewe tulivumiliwa miezi tisa kabla ya kupendwa.

Turudi London. TGN1412 ilikuwa kingamwili iliyotengenezwa maabara kutokana na kazi ya Thomas Hünig wa Würzburg, Ujerumani, na ilichokishika ni ule mkono, CD28. Iliukamata kwa namna ambayo seli T iliwaka bila kungoja ishara ya kwanza. Katika panya, zilizoitikia zaidi ni seli dhibiti, na nyani nao hawakuonyesha dhara kubwa. Kipimo walichopewa wale vijana kilikuwa kidogo mara 500 kuliko kile ambacho wanyama walikistahimili. Kila mmoja aliyekitazama kwenye karatasi aliona usalama.

Baadaye ilikuja kujulikana kilichosahaulika. Seli T za kumbukumbu za wale nyani, zile zinazokaa tayari kwenye ngozi na mapafu na utumbo, zimepoteza CD28. Za binadamu zinayo. Vijana wale walikuwa na kumbukumbu ya kila mafua, kila kidonda na kila chanjo ya maisha yao, na kumbukumbu zote hizo ziliamshwa kwa wakati mmoja. Seli dhibiti nazo bila shaka ziliamka. Zilifika zimechelewa, na maji yalikuwa yamezidi unga.

Dawa ile haikutupwa. Kampuni ya Urusi iliichukua, Hünig akiwa miongoni mwa waliosisitiza kwamba kosa lilikuwa kwenye kipimo, na ikajaribiwa tena kwa watu wenye afya kwa jina la TAB08. Safari hii walianza na kipimo kilicho sawa na moja ya elfu ya kile cha London, wakapandisha taratibu, bila kukifikia hata kidogo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014. Katika damu ya waliojitolea, IL-10 ilikuwa imepanda. Zile saitokini za moto zilizowaangusha vijana sita wa Northwick Park zilitafutwa, na hazikuonekana.